Kipimo nacho kipimwe

Nimeadimika kidogo, si mnajua tena mambo ya chumba cha habari. Leo sina siasa, sina mkutano na waandishi wa habari, sina mheshimiwa aliyenikatia simu. Leo naongelea samaki. Na siyo samaki wa Feri wa kuchukua na kukaanga. Samaki wa kutazama.

Najua mtacheka. Hata nyumbani kwetu walicheka. Mama aliposikia kwamba kijana wake ameweka tangi la kioo la lita 120 sebuleni, amepanda majani ndani yake na anayakatia kwa mkasi, aliuliza swali moja tu: "Hao samaki wanaliwa lini?" Nikamwambia hawaliwi. Akanyamaza kwa muda, halafu akabadilisha mada na kuniuliza habari za kuoa.

Mimi nalipenda lile tangi. Ukirudi kutoka kazini umechoka na foleni ya Ubungo, ukakaa kwenye kochi na kuzima taa zote isipokuwa ile ya juu ya maji, ukaona majani ya Vallisneria yanavyolala upande mmoja kama nyasi za bondeni na gapi wanapita katikati yake, kichwa kinatulia. Lakini leo siandiki kusifia. Naandika kwa sababu lile tangi limenifanya nimwambie mtu uongo. Uongo ambao mimi mwenyewe niliuamini, kwa sababu ulikuja na namba.

Tuanze mwanzo. Mwaka juzi nilipoanza nilifuata njia ya yule mama wa Kimarekani, Diana Walstad, mtaalamu wa mikrobiolojia aliyeandika kitabu kuhusu matangi ya mimea mwaka 1999. Njia yake ni rahisi na haina gharama: weka udongo wa kawaida chini, funika kwa changarawe, panda majani mengi, na mimea itafanya sehemu kubwa ya kazi ya kusafisha maji. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikaona udongo mtupu hautoshi. Nikachanganya na mboji yenye samadi ya ng'ombe. Wakulima mnaosoma hapa mmeshaelewa kilichotokea.

Samaki walianza kufa siku ya tatu. Mmoja asubuhi, wawili jioni. Nilikuwa na vile vijiti vya karatasi vya kupimia, unachovya majini, unahesabu sekunde, unalinganisha rangi na picha iliyoko kwenye kopo. Nikachovya. Nitriti sifuri. Nitrati sifuri. Klorini sifuri. pH 8, siyo mbaya. Nikajipongeza. Kesho yake wakafa wanne. Nikachovya tena, vilevile, kila kitu kizuri. Walikufa samaki 11 ndani ya wiki moja huku karatasi ikiniambia hongera.

Nilichokuja kugundua baadaye kinaniuma mpaka leo. Kile kijiti hakikuwa na sehemu ya kupima amonia kabisa! Kilikuwa na vipande sita vya rangi, na amonia haikuwa mojawapo. Samadi inapooza majini inatoa amonia, na amonia ndiyo inayoua samaki kwanza, kabla hujafika kwenye nitriti wala nitrati. Nilikuwa namuuliza shahidi ambaye hakuwepo eneo la tukio, naye kila nikimuuliza ananijibu "sikuona kitu". Kweli hakuona. Hakuwepo.

Na kuna jambo la pH ambalo wengi tunalipita. Amonia majini ina sura mbili, moja yenye sumu kali na nyingine ya afadhali, na vipimo vingi vya nyumbani vinazijumlisha pamoja na kukupa namba moja. Mgawanyo wake unategemea pH na joto. Kwenye nyuzi 25, maji yakiwa na pH 7, ile yenye sumu haifiki hata asilimia 1 ya jumla. Yakiwa pH 8 inazidi asilimia 5. Yaani namba ileile kwenye kipimo, hatari karibu mara kumi. Kwa hiyo mtu akikuambia "amonia yangu ni 1", swali la kwanza ni pH yake ngapi, na la pili ni joto. Asipojua, hajakuambia kitu.

Basi nikatupa vijiti. Hata hivyo vilishaharibika. Unyevu wa Dar unaingia kwenye kopo kila unapolifungua, na zile karatasi hazipendi unyevu hata kidogo. Nikanunua vipimo vya maji, vile vya vichupa na matone. Duka silitaji. Ila niseme tu kwamba vilikuwa vimepangwa dirishani, jua la saa nane linavipiga, na tarehe ya mwisho kutumika nilikuja kuisoma nikiwa nimeshafika nyumbani. Bahati ilikuwa bado miezi saba.

Hapo nikajiona mtaalamu. Kila Jumamosi asubuhi napanga mirija ya kioo mezani, nachota, nadondosha, naandika kwenye daftari. Na daftari langu lilikuwa zuri, wadau! Amonia sifuri, nitriti sifuri, nitrati 5. Wiki nane mfululizo, nitrati 5. Mimea inakua, samaki wapya wazima. Nikawa nahubiri kwa kila anayekuja.

Sasa sikilizeni.

Nyumba ninayopanga ina kisima cha kuchimba. Maji ya DAWASA ya kutoka Ruvu yanakuja siku yanayojisikia, kwa hiyo siku nyingi tunatumia ya kisima, na tangi langu pia linatumia hayo. Mama mwenye nyumba anaishi upande wa mbele. Jumamosi moja alinikuta barazani na mirija yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Samaki hawajambo?"

"Hawajambo. Nawapimia maji."

Akaangalia zile rangi, akavutiwa. Halafu akasema, kama mtu anayetania, "Na sisi watu nani anatupimia? Hebu nipimie na ya kisima changu, nijue namnywesha nini mjukuu."

Mjukuu alikuwa na miezi miwili. Binti yake alikuwa amesharudi kazini, mtoto anabaki na bibi, ananyonya maziwa ya kopo. Nikachota kisimani, nikadondosha, nikasubiri. Nitrati 5. Nikamwambia kwa sauti ya daktari bingwa: "Maji safi kabisa, mama. Hata mtoto anakunywa bila wasiwasi." Alifurahi. Jioni aliniletea kisinia cha vitumbua.

Wiki tatu baadaye nilikaa kusoma kikaratasi cha maelekezo kilichokuja na vichupa. Nakiri, sikuwahi kukisoma chote. Nilisoma mistari ya juu, nikaona ni matone kumi ya kichupa cha kwanza na kumi ya cha pili kwenye mililita 5 za maji, nikaona nimeelewa. Mwandishi wa habari huyo, anayewaambia vijana wa mafunzo wasome nyaraka hadi ukurasa wa mwisho! Kumbe chini yake imeandikwa kwamba kichupa cha pili kitikiswe kwa nguvu angalau sekunde 30 kabla ya kudondosha. Na ukishadondosha, mrija wenyewe utikiswe dakika nzima. Halafu ndipo usubiri dakika tano.

Siyo urembo, kuna sababu. Kemikali inayotambua rangi haiioni nitrati moja kwa moja, inaiona nitriti. Kwa hiyo lazima nitrati igeuzwe kwanza, na kinachofanya kazi hiyo ni unga ambao hauyeyuki, unatuama chini ya kichupa kama mashapo ya togwa. Usipotikisa, matone yanayotoka ni maji ya juu tu na unga unabaki chini. Nitrati haigeuki, rangi haiji, na wewe unaandika 5 kwenye daftari.

Nilikitikisa kile kichupa mpaka mkono ukauma. Nikagonga kitako chake mezani, nikatikisa tena. Nikapima tangi. Rangi ilipanda kutoka njano kwenda chungwa kwenda nyekundu ya damu ya mzee. Kwenye kadi ilikuwa kati ya 80 na 160. Nikapima kisima. Nyekundu. Labda 40, labda 80. Sikuweza kutofautisha.

Nikakaa chini. Nilichofikiria kwanza hakikuwa samaki. Nilifikiria vile vitumbua.

Kwa wasiojua: nitrati haina rangi, haina harufu, haina ladha. Kwa mtu mzima mwenye afya si jambo la kukimbilia hospitali. Lakini kwa mtoto mchanga, hasa chini ya miezi sita anayepewa maziwa ya kopo yaliyokorogwa na maji hayo, nitrati inageuka nitriti mwilini na kuizuia damu kubeba oksijeni ipasavyo. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha miligramu 50 kwa lita katika maji ya kunywa, na mtoto huyo ndiye aliyefikiriwa wakati wa kukiweka. Na hapa kuna mtego kwa sisi tuliolelewa kwamba maji yakichemka yameshapona: kuchemsha kunaua vijidudu, nitrati hakuiondoi. Maji yanapungua kwa mvuke, nitrati inabaki palepale, kwa hiyo inazidi kukolea. Mama mwenye nyumba alikuwa anachemsha maji ya mtoto dakika kumi na tano nzima, kwa upendo.

Sasa ungefanyaje? Ukimbie mbele ya nyumba ukapige kelele? Nilishampa namba moja yenye uhakika wote, ikawa ya uongo. Leo nimpe nyingine kwa sauti ileile, kesho nije na ya tatu? Kazini mhariri wangu wa kwanza alikuwa na tabia moja ya kukera, kila ukimpelekea habari anauliza, "Chanzo chako kimewahi kukudanganya? Ulijuaje kwamba safari hii hakudanganyi?" Nilimchukia kwa ajili ya swali hilo. Usiku ule niliona lina maana hata kwa vichupa.

Nikaamua kukipima kipimo chenyewe. Na hii ndiyo hoja yangu ya leo kwa yeyote mwenye tangi la mimea: kama hujawahi kukipa kipimo chako maji ambayo jibu lake unalijua tayari, basi hujawahi kupima. Umekuwa unapaka rangi.

Wala si kazi ngumu. Nilikwenda duka la pembejeo nikanunua nitrati ya potasiamu, ile wanayotumia wenye mashamba ya kitalunyumba, ambayo wenye matangi tunaitumia pia kama mbolea. Nikahitaji gramu 1.63. Mizani ya jikoni haiwezi hiyo kazi. Nikaenda kwa sonara mmoja Kariakoo, akaniangalia mimi na unga wangu mweupe kwenye nailoni kwa jicho la "kijana, hii ni nini?" Ilinibidi nimwonyeshe picha za tangi kwenye simu ndipo akakubali. Ukiyeyusha gramu 1.63 za unga huo na kufanya lita moja kamili, unapata miligramu 1,000 za nitrati kwa lita, kwa sababu asilimia 61 hivi ya uzito wake ndiyo nitrati. Kutoka hapo unavuta mililita 10 kwa bomba la sindano, unajazia hadi lita moja, unapata 10. Ukivuta 20 unapata 20. Na kuendelea.

Maji ya kuchanganyia lazima yasiwe na nitrati. Mimi nilitumia yale ya kuongezea kwenye betri za gari. Nasema ya kuongezea, siyo asidi! Dukani vyote vinaitwa maji ya betri, uliza mara mbili kabla hujaleta balaa. Na hayo pia nilianza kwa kuyapima yenyewe kwanza. Yalitoka njano, sifuri, nikapumua.

Halafu nikapanga chupa: 0, 10, 20, 40, 80. Nikamwita mdogo wangu aliyekuja likizo, nikampa kadi ya rangi, sikumwambia ipi ni ipi. Maana jicho linalojua jibu linaona jibu. Akasoma dirishani, mchana, siyo chini ya ile taa yangu ya njano ya sebuleni. Sifuri akaipata. Kumi akaipata. Ishirini akaipata. Kwenye 40 akasema 80, na kwenye 80 akasema 40. Nikamrudishia bila kumwambia kitu, akabadilisha. Nikajaribu mwenyewe, nikakosea vilevile.

Kwa hiyo nikajua jambo la maana sana kuhusu kichupa changu. Hakidanganyi, ila kina eneo lake. Chini ya 20 ni shahidi mzuri. Juu ya hapo ni mlevi, anajua kuna ugomvi ila hajui nani alimpiga nani. Dawa yake ni rahisi: usimuulize huko. Chukua sehemu moja ya maji yako, ongeza sehemu tatu za yale ya betri, pima, zidisha kwa nne. Nikafanya hivyo, mdogo wangu akasoma tena bila kujua. Maji ya tangi: 20. Zidisha kwa nne, 80. Maji ya kisima: kati ya 10 na 20, karibu zaidi na 20. Zidisha. Kati ya 40 na 80, karibu zaidi na 80.

Hapo nikavaa viatu nikaenda mbele. Sikumpa mama namba. Nilimwambia, "Mama, ile siku nilikudanganya bila kujua. Nilipima vibaya. Kiasi kamili sikijui mpaka maabara, lakini nina uhakika kwamba si kidogo, na mtoto asikorogewe maziwa kwa maji haya, hata yakichemshwa." Aliniangalia kwa muda mrefu. Akauliza, "Na vitumbua vyangu ulikula?" Nikasema nilikula. Akacheka, lakini hakucheka sana. Siku hiyohiyo binti yake aliagiza maji ya dukani kwa ajili ya mtoto.

Maabara nayo ina vituko vyake. Nilipeleka sampuli kwenye chupa safi ya plastiki, niliyoisuuza mara tatu kwa maji yaleyale ya kisima, ikiwa kwenye barafu, ndani ya siku hiyo. Baada ya siku kadhaa nikapewa karatasi yenye mhuri. Nitrati: 15.8. Kiwango kinachoruhusiwa, kwa kumbukumbu yangu, 50. Nikahisi miguu inaisha nguvu. Yaani nimemtia mama wa watu hofu, nimemgharimu hela ya maji ya chupa, kumbe 15.8? Nilikaa kwenye benchi pale nje nikitunga maneno ya kuomba radhi mara ya pili.

Halafu nikaiangalia tena ile karatasi. Pembeni ya neno nitrati, kwa maandishi madogo, imeandikwa NO3-N.

Ndugu zangu, hiyo herufi N ya mwisho imebeba mzigo mzima. Maabara nyingi haziripoti uzito wa nitrati yote, zinaripoti uzito wa naitrojeni iliyomo ndani ya nitrati. Ni kama kupima mkungu wa ndizi na kuandika uzito wa ndizi bila mkungu wenyewe. Kupata nitrati yenyewe unazidisha kwa 4.43. Marekani wana kiwango cha 10 na Shirika la Afya Duniani wana 50, na watu wanabishana nani mkali zaidi, kumbe ni karibu kitu kilekile: 10 ya naitrojeni ni 44 ya nitrati. Nikatoa simu nikapiga hesabu. 15.8 mara 4.43. Sabini kasoro kidogo sana.

Nikarudi dirishani kumuuliza yule kijana wa maabara. Akasema, "Ndiyo kaka, ni kama N, si imeandikwa?" Kweli imeandikwa. Lakini ni wangapi wanaotoka na ile karatasi, wanaona 15.8, wanaenda nyumbani kulala? Mimi nasema maabara inayompa raia wa kawaida karatasi kama ile bila kumweleza maana yake imefanya nusu ya kazi. Na sisi waandishi tunaonakili namba za maji kutoka kwenye ripoti bila kuuliza ni namba ya nini hatuna la kujitetea.

Sasa kuna wenzangu wa matangi watakaosema, ndiyo maana sisi hatupimi kabisa. Kuna njia maarufu ya Mmarekani mwingine, Tom Barr, ya kuweka mbolea kwa wingi kuliko mimea inavyohitaji, halafu kila wiki unabadilisha nusu ya maji ili kilichozidi kitoke. Hakuna vichupa, hakuna daftari. Naiheshimu, mimea yao inapendeza kuliko yangu. Lakini njia hiyo inasimama juu ya jambo moja ambalo halisemwi sana: kwamba maji unayoleta yana nitrati kidogo kuliko unayotoa. Mimi kila Jumamosi nilikuwa nachota ndoo nne za nitrati 70 na kumwaga tangini nikidhani nasafisha, na juu yake naongeza mbolea. Ukipima tangi tu na usipime ndoo, utamlaumu samaki kwa kula sana, utalaumu mimea kwa uvivu. Pima bomba kwanza.

Yapo mengine ya kupita haraka. Maji ya kisima yakitoka tu chini yana hewa ya ukaa iliyoyeyuka, kwa hiyo pH yake inasomeka chini. Yaache usiku kucha kwenye ndoo wazi halafu pima. pH ya tangi la mimea inapanda mchana majani yanapotumia hewa hiyo na kushuka usiku, kwa hiyo ukipima leo asubuhi na kesho jioni usiseme maji yamebadilika, kilichobadilika ni saa. Na wale wenye kile kikombe kidogo cha kioo chenye kimiminika cha bluu kinachogeuka kijani hewa ya ukaa ikitosha: ndani yake iwe ile myeyusho maalumu ya ugumu wa nyuzi 4, siyo maji ya tangi. Ukiweka maji ya tangi, kijani chako hakina maana yoyote. Hata ukiweka sawa kinachelewa saa moja hadi mbili, kwa hiyo samaki wakipanda juu kuhema usisubiri kikombe kikupe ruhusa.

Kuhusu kisima chenyewe, sina ushahidi wa kumnyooshea mtu kidole. Naweza kusema tu kwamba si kirefu, na kwamba kutoka mdomo wa kisima hadi choo cha shimo cha nyumba ya nyuma nimehesabu hatua 14. Dar nzima imejaa visima vya namna hii, watu wanayaona maji ni meupe pe, wanasema Mungu katujalia. Na kipimo cha nitrati hakikuambii chochote kuhusu vijidudu, wala chumvi, wala floridi ambayo ndugu zetu wa Arusha na Meru wanaijua kwa meno yao. Kinajibu swali moja. Nilishafundishwa na samaki 11.

Tangi lipo. Nimeacha kuweka mbolea ya nitrati kabisa, ndoo ya kisima nachanganya na maji ya Ruvu yakitoka, nimejaza mimea inayokua haraka, na wiki iliyopita tulisoma 40 kwa njia ya kuchanganya, mdogo wangu akiwa msomaji. Mtoto mzima, anatambaa sasa, maji yake bado ya dukani.

Jumamosi asubuhi mama mwenye nyumba alinigongea mlango, ameshika chupa mbili za maji, moja ya jirani wa kulia na moja ya jirani wa nyuma.

"Nipimie na haya," akasema. "Lakini utikise kichupa. Nitasimama hapahapa nihesabu."